Dang'a Kwanza, Dawa Baadaye



Wengi wetu tukipewa nafasi katika jarida hili huandika juu ya safari ya Unguja, arusi za jamaa, au mapishi. Mimi nasoma sayansi ya wanyama, mwaka wa tatu, na nimeambiwa niandike kitu cha fani yangu. Basi naandika juu ya matumbo ya mbuzi. Najua wapo watakaofungua ukurasa unaofuata. Ngojeni kidogo, kwani humu mna habari za fedha, za wazee wetu, na za lugha hii tunayojitahidi kuishika isituponyoke.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Wete, Pemba. Alikuja Maskati na watoto wake katika miaka ya 1970, wakati familia nyingi za Kiomani zilizokuwa Afrika ya Mashariki zilipokuwa zinarudi. Hana pensheni; ana mbuzi. Mbuzi hao wako Barka, kwenye kishamba cha ami yangu, na kwa hao Bibi hutoa sadaka, husomesha hitma ya marehemu babu kila mwaka, na humpa mjukuu anayeolewa kitu cha kushika mkononi. Hamwombi mtu. Ukimwambia Bibi kwamba mbuzi ni kazi ya kuchosha kwa mtu wa umri wake, hukuuliza wewe umekula nini leo na nani kakupa.

Msimu wa joto wa mwaka juzi walizaliwa watoto tisa wa mbuzi, wakafa watano. Wote walikufa katika wiki mbili za mwanzo, na wote kwa kuharisha. Ami akasema dawa ipo: dukani kuna unga katika ndoo, riali 35, umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba una antioksidanti na unatengeneza tumbo. Baba akasema dawa ni kuwapeleka Nizwa siku ya Ijumaa, kwenye mnada wa mbuzi, wauzwe wote kabla hawajaisha. Bibi akasema dawa ni habasoda na kitunguu thomu. Walipochoka kubishana wakanigeukia mimi, kwa sababu ada yangu ya chuo lazima izae kitu.

Bibi ndiye aliyeanza. "Hiyo anti-nini sijui, ni kitu gani? Nieleze kwa Kiswahili, usinieleze kwa lugha ya chuoni."

Hapo ndipo penye kazi. Darasani nimejifunza mambo haya kwa Kiingereza, na kwa Kiarabu ningeweza kupita pita. Kwa Kiswahili ilinibidi nitafute njia ndani ya jiko la Bibi mwenyewe. Nikamwambia: ukikata bilingani ukaliacha juu ya meza, linageuka rangi. Samli ikikaa wazi siku nyingi inaharibika harufu. Msumari ukikaa nje unaota kutu. Vyote vitatu ni kazi ya hewa, ile sehemu ya hewa tunayoiita oksijeni. Mwili nao unatumia oksijeni hiyo hiyo kuunguza chakula upate nguvu, na katika kuunguza huko hutoka cheche. Cheche hizo, wataalamu wanaziita radikali huru, zikigusa mafuta yaliyomo katika kuta za seli, mafuta yanaharibika kama samli ile, na ukuta unatoboka. Antioksidanti ni kitu kinachoipokea cheche kabla haijagusa ukuta.

Bibi alifikiri kidogo. "Na mimi bilingani nalitia ndimu lisigeuke rangi."

"Ndiyo, Bibi. Ndimu ina vitamini C, nayo ni antioksidanti."

"Basi si useme kwamba ni ndimu ya tumboni!"

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu jina lake ni hilo, ingawa kwa haki ya mbuzi lazima niseme kwamba yeye vitamini C hujitengenezea mwenyewe katika ini lake. Sisi binadamu ndio tusioweza. Anachohitaji mbuzi kutoka nje ni vitamini E na madini ya seleni. Vitamini E hukaa ndani ya mafuta ya ukuta wa seli na kupokea cheche papo hapo. Seleni ni sehemu ya kimeng'enya kinachosafisha mabaki. Kimoja kikipungua, kingine hubeba mzigo wa viwili.

Kwa nini tumbo hasa, na kwa nini hapa kwetu? Sababu ya kwanza ni joto. Tarehe 26 Juni 2018, hapo Quriyat, kusini ya Maskati, usiku na mchana joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Mnyama akishikwa na joto namna hiyo, damu hukimbilia kwenye ngozi ili ipoe, na utumbo unabaki na damu kidogo. Ngozi ya ndani ya utumbo ni safu moja tu ya seli, nazo huzaliwa upya kila baada ya siku chache. Zinataka damu na oksijeni muda wote. Zikikosa, vifungo baina ya seli hulegea, na sumu za bakteria zinazotakiwa kubaki ndani ya utumbo hupenya na kuingia mwilini. Kuku ndio wanaoteseka zaidi, kwa sababu hawatoki jasho. Wanabaki kuhema tu. Ndiyo maana katika chakula cha kuku wa nchi za joto hutiwa vitamini E, seleni, na hata vitamini C, ingawa kuku huitengeneza mwenyewe, kwa vile wakati wa joto anayotengeneza haimtoshi.

Sababu ya pili ni chakula. Pwani ya Omani ina desturi ya kulisha mifugo dagaa waliokaushwa juani. Desturi hiyo ni ya zamani. Ibn Battuta alipotoka Kilwa, karibu na mwaka 1331, alivuka bahari mpaka Dhofar, na jambo mojawapo lililomshangaza huko ni kuona wanyama wanalishwa dagaa. Yaani msafiri wa kwanza kutuandikia habari za Kilwa kwa macho yake ndiye pia aliyetuandikia habari za mbuzi wala dagaa. Niliposoma hayo nilihisi kama nimekutana na jirani.

Dagaa ni chakula kizuri, kina protini nyingi. Lakini mafuta ya samaki ni mafuta yanayoharibika upesi kuliko mengine yote. Unga wa samaki usiolindwa unaweza kujipasha moto wenyewe ndani ya meli mpaka ukawaka. Kwa miaka mingi viwanda viliutia dawa iitwayo ethoksikwini ili kuuzuia, mpaka Umoja wa Ulaya ulipositisha ruhusa ya dawa hiyo katika chakula cha mifugo mwaka 2017, kwa kuwa usalama wake haukuweza kuthibitishwa. Mnyama akila mafuta yaliyoharibika, vitamini E yake hutumika kuyazima. Na vitamini E yenyewe hutoka wapi? Hutoka kwenye majani mabichi. Majani yakikatwa, yakaanikwa, yakakaa ghalani, sehemu kubwa hupotea. Sasa chukua mbuzi wa Barka mwezi wa Julai: joto, dagaa wa siku nyingi, na majani makavu. Anatumia sana, anaingiza kidogo.

Historia ya vitamini hii inafundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1922, huko California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliwalisha panya chakula kilichosafishwa chenye mafuta ya nguruwe. Panya wakanenepa, wakapandwa, wakashika mimba, lakini mimba hazikufika. Walipoongezewa majani ya saladi, wakazaa. Jina la kitaalamu la vitamini E, tokoferoli, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzazi. Bibi aliposikia hayo aliguna tu, kwa sababu yeye siku zote huwapa mbuzi wenye mimba majani mabichi kwanza, na hakusomea California.

Mpaka hapo ami alikuwa anatabasamu, akiona kwamba ndoo yake imeshinda kesi. Lakini nilimwomba anionyeshe picha ya maandishi ya nyuma ya ndoo, si ya mbele. Mbele huandikwa matumaini. Nyuma huandikwa vipimo. Ndoo ile ilikuwa na vitamini E, seleni, na majani ya kunukia yaliyosagwa, pamoja na onyo kwamba kipimo kisizidishwe. Onyo hilo si la mapambo. Baina ya seleni inayoponya na seleni inayoua pana nafasi ndogo sana. Aprili 2009, huko Florida, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa karibu wakati mmoja baada ya kupewa dawa ya kuongeza nguvu iliyotengenezwa ikiwa na seleni kupita kiasi. Hata kwa watu, wingi si uzuri: utafiti uliochapishwa mwaka 1994 juu ya wavutaji sigara wa Finland, wanaume zaidi ya 29,000, ulionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, ambayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakupewa. Mwili unazihitaji cheche nazo kwa kiasi chake. Ndizo askari wa damu wanazotumia kuunguza vijidudu. Ukizima moto wote jikoni, hutapika.

Na kwa nini ndoo kama hizi zimejaa madukani siku hizi? Kwa sehemu ni kwa sababu ya jambo jema. Zamani wafugaji wakubwa duniani walitia antibiotiki kidogo kidogo katika chakula cha wanyama wazima ili wakue haraka. Tarehe 1 Januari 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jambo hilo, kwa hofu ya vijidudu vinavyozoea dawa. Viwanda vikaanza kutafuta kitu kingine cha kulinda tumbo: vitamini, bakteria wema, mafuta ya mimea. Karafuu ya Pemba nayo imo katika orodha, kwa sababu ya yujenoli yake. Habasoda na thomu za Bibi nazo zimo. Kwa hiyo sikumwambia Bibi kwamba anaamini mambo ya kale. Nilimwambia kwamba maabara zinamfuata nyuma, na bado zinapima ni kiasi gani na kwa nani.

Swali lililobaki lilikuwa moja. Kama upungufu ni wa ndimu ya tumboni, mbona mbuzi wakubwa ni wazima, wanaokufa ni watoto wa siku chache?

Mtoto wa mbuzi huzaliwa bila kinga. Kinga ya mama haipiti katika kondo la nyuma kama kwetu sisi. Iko katika maziwa ya mwanzo, mazito, ya manjano. Kiswahili kina jina lake maalumu: dang'a. Vitamini E nayo hupita kidogo sana tumboni mwa mama. Mtoto huipata katika dang'a hiyo hiyo. Utumbo wake uko wazi kupokea kinga kwa saa chache tu baada ya kuzaliwa, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Anatakiwa anywe karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito wake katika siku hiyo. Asiponywa, hakuna ndoo itakayoufungua mlango huo tena.

Nikamuuliza ami: watoto wakizaliwa, nani anahakikisha wamenyonya? Ami akanyamaza, akamtazama Baba. Baba akatazama mazulia. Kumbe dang'a ilikuwa inakamuliwa na kuletwa mjini kwa Bibi. Wengi wenu mnakijua chakula hicho: dang'a inapikwa polepole kwa sukari na hiliki mpaka inaganda. Bibi anakipenda kuliko halua. Wanawe hawakumwambia kwamba msimu ule mbuzi walikuwa na maziwa machache kwa joto, na kwamba anachokamuliwa mama kwa ajili ya bakuli ya Bibi ndicho kinachotoka kinywani mwa mtoto. Walikuwa wanamfurahisha mama yao. Nani angewalaumu?

Sasa niambieni, wenzangu, mtu wa miaka ishirini anamwambiaje bibi yake jambo hilo? Kwa Kiingereza ni sentensi moja ya ripoti. Kwa Kiswahili ilibidi nizunguke kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Nilianza kwa kumuuliza zamani Wete walifanyaje. Akasema mama yake alikuwa na ng'ombe wawili, na ndama alikuwa anaachiwa anyonye mpaka ashibe, ndipo kinachobaki kinapikwa. "Mtoto kwanza," alisema, "mtu baadaye." Halafu akakaa kimya. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Na mimi nimekuwa nikila cha mtoto?"

Hakuna aliyejibu. Akaomba maji ya kutawadha akaenda kuswali, na siku ile hakuzungumza tena habari za mbuzi. Asubuhi yake alimpigia ami simu mwenyewe na kutoa amri tatu: dang'a isiguswe, zizi liezekwe upande wa magharibi wapate kivuli cha alasiri, na dagaa wanaonuka watupwe hata kama wamenunuliwa. Penye wazee haliharibiki neno.

Daktari wa mifugo aliitwa, akapima kinyesi, akakuta vijidudu vya kokisidia, akatoa dawa. Alituambia pia tuweke jiwe la kulamba lenye madini. Nilifurahi, kwa sababu jambo hilo lina historia hapa hapa nyumbani. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walichapisha kazi juu ya mbuzi wa Omani waliokutwa na maini yaliyojaa mafuta, wakaihusisha hali hiyo na upungufu wa kobalti. Mbuzi hawezi kutumia kobalti peke yake. Bakteria wa tumbo lake kubwa ndio wanaoichukua na kumtengenezea vitamini B12. Bakteria wakikosa madini, ini linakosa vitamini, mafuta yanajaa na kuharibika. Yaani afya ya ini huanza na chakula cha vijidudu vya tumboni. Bibi, siku ya Idi, kitu cha kwanza anachokitazama mbuzi akichinjwa ni ini. Likiwa limepauka hulikataa, na watoto tulikuwa tukidhani ni ubishi wa wazee.

Na ndoo je? Hatukuinunua. Daktari aliwachoma mbuzi wenye mimba sindano moja ya vitamini E na seleni kwa kipimo cha uzito wao, na ami akaanza kununua alfalfa mbichi mara mbili kwa wiki. Msimu uliofuata walizaliwa kumi na mmoja, akafa mmoja. Hawakuuzwa.

Ningependa kusema kwamba ni dang'a, au ni kivuli, au ni sindano. Lakini walimu wangu wanasoma jarida hili, na wangeniuliza kundi la kulinganisha liko wapi. Tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja, tena watoto hao walizaliwa mwezi wa Novemba, si Julai. Huo si utafiti. Ni familia inayohangaika. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni mpangilio: mtoto anyonye kwanza, apate kivuli na maji safi, ale kisichooza, madini yanayokosekana yajulikane kwa kupimwa, kisha ndiyo tuzungumze habari za ndoo. Nyongeza ni nyongeza. Jina lake linatuambia kwamba lazima kiwepo kitu cha kuongezewa.

Jambo la mwisho ni letu sote wanachama. Kabla ya siku ile sikulijua neno "dang'a". Nilijua maana yake kwa Kiingereza, nilijua na uzito wa protini zake, lakini neno lenyewe alinipa Bibi. Bila neno hilo nisingeweza kumuuliza ami swali lenye jibu, kwa sababu "maziwa ya mwanzo" angedhani ni maziwa ya asubuhi. Nimeanza daftari la maneno ya mifugo kutoka kwa wazee wa hapa Maskati na Seeb, na mpaka sasa yamefika arubaini na kitu. Nyumbani kwenu kama yupo mzee aliyewahi kufuga, Pemba, Unguja, Mombasa, hata Bujumbura, muulizeni tumbo la kwanza la mbuzi wanaliitaje, na samli iliyoharibika harufu wanaisemaje kwa neno moja. Leteni majibu kwenye kikao cha mwezi ujao. Daftari lina nafasi, na wazee hawatungoji milele.